Bi Futi na Zamu ya Kopi

Bi Futi hakuwahi kuonekana bila futi yake ya kupimia shingoni. Hata kwenye msiba wa mama yake alikwenda nayo, na shangazi alipomnong'oneza aivue, akajibiwa, "Aliyenivisha ni huyohuyo tunayemzika." Fundi wa nguo za kike huyo, mdomo umejaa pini na maneno bado yanapita.

Mama aliondoka na saratani ya matiti, kama dada yake mkubwa kabla yake. Basi ukoo ukakaa kitako ukahukumu kwa macho: Bi Futi ni baba mtupu, paji la uso, vidole, mpaka hasira, huyo kapona. Mdogo wake, waliyemwita Kopi kwa jinsi alivyofanana na mama, ndiye wa kuombewa. Jamani, watu na midomo yao! Binti wa watu akaishi kama anasubiri zamu. Mchumba akiuliza habari za harusi, yeye jibu lake, "Subiri kwanza."

Daktari akashauri wote wawili wapimwe damu, kwani ugonjwa huo wakati mwingine hutokana na hitilafu katika vinasaba, ambayo mzazi humrithisha mtoto mmoja na mwingine akamruka. Bi Futi alitoa damu ili kumpa moyo mdogo wake tu.

Majibu yakatoka. Kopi hana. Bi Futi anayo.

"Mimi? Mimi si nimefanana na baba!" alifoka.

"Sura haisemi kitu, mama," daktari alimjibu. "Na kuwa nayo si kuumwa. Ila hatari yako ni kubwa kuliko ya wengi. Tutakuchunguza kila mwaka, au ukipenda, tuyaondoe matiti mapema."

Kopi ndiye aliyeangua kilio. "Dada, hii ilikuwa yangu!"

"Koma! Hata hitilafu unataka tugombanie?"

Aliogopa, tusidanganyane. Lakini fundi akiiona kasoro kitambaa kikiwa bado mezani, huwa hakai kukililia. Akachagua matiti yaondolewe.

Siku chache kabla ya kulazwa, alimwita Kopi kwenye kibanda chake cha kushonea, akamsimamisha mbele ya kioo na kuivua futi shingoni.

"Gauni la harusi? Dada, subiri kwanza upone."

"Miaka yote hii umesubiri zamu, kumbe ilikuwa yangu," alisema Bi Futi, pini mdomoni. "Sasa niachie mwenyewe. Nyanyua mikono."

Kopi akanyanyua.