Kaskazini Niliyoiandika Mimi

Ramani ile niliitoa fotokopi kwa ajili ya darasa langu la jiografia hapa Ngokolo. Mhandisi wa jeshi wa zamani aliichora kwa mkono: ngome ya pwani iliyozingirwa, mizinga, bahari chini ya karatasi, na mstari wa nukta unaopita chini ya ukuta.

Baba yangu, aliyechimba dhahabu Geita ujana wake wote na asiyejua kusoma hata jina lake, aliiinamia mpaka uji ukapoa.

"Huyu ni mchimbaji," akasema. "Nukta hizi ni njia ya chini. Anataka kuuangusha ukuta."

Mimi nililijua hilo baada ya kusoma maelezo kurasa mbili!

"Lete kalamu, ng'wana wane. Lete, mwanangu," baba akasema.

Kaka yangu alikuwa anachimba duara jipya, shimo la dhahabu, huko Geita, jirani na duara la zamani la baba lililojaa maji. Akilitoboa kwa chini, amekwisha, yeye na wenzake. Baba alishamweleza mara nyingi kwa mdomo na mikono, wakaishia kubishana. Kwenda mwenyewe, kifua hakikumruhusu. Basi nyuma ya karatasi yenye ngome akachora njia zake zote za chini kwa nukta, kila nukta nguzo moja ya kushikilia mwamba, kila nguzo hatua moja. Akatia msalaba lilipo duara la kaka. Penye nukta ni maji, patupu ni salama. Alitoka humo mimi nikiwa shule ya msingi, na hakusahau nguzo hata moja. Mzee huyuhuyu ninayemgombeza kila siku kwa kusahau kofia! Niliona haya.

Kisha nikaharibu. Juu ya karatasi nikachora mshale, nikaandika "Kaskazini", maana ndivyo ninavyofundisha. Nikaipiga picha, nikamtumia kaka.

Siku ya tatu, mchana, baba akauona mshale. "Na hii nini?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno.

Akasimama, kikombe cha uji kikaanguka. "Nani kakwambia? Juu ni kule nilikokuwa natazama nikishuka! Mgongo kwenye winchi, uso mlimani. Mlima uko kusini!" Akaigeuza karatasi. "Hata huyu wako wa ngome. Bahari kaiweka chini kwa sababu aliipa mgongo."

Nikatazama. Mshale wa mhandisi mwenyewe ulikuwepo, mdogo, pembeni, umelala ubavu. Nimeifundisha ramani ile mihula mitatu sijauona. Mwalimu mzima! Na kwa mshale wangu kaka alikuwa anachimba kuelekea kwenye maji, akidhani anayakwepa.

Nikapiga simu, kaka hapatikani. Chini hakuna mtandao. Nikampigia mama lishe wa pale machimboni, nikapayuka bila hata salamu: "Mama, kimbia, wapigie kelele watoke!"

Tulikaa tukiitazama simu. Mikono ya baba ilitulia juu ya karatasi. Simu ikaita.

"Tumetoka wote," kaka akasema, akihema. "Baba, mwamba ulianza kutoa jasho. Tukadhani ni joto."

Baba hakumfokea. "Mmekwenda hatua ngapi?"

"Kumi na moja."

Baba akaweka kidole kwenye msalaba, akakisogeza taratibu kuelekea kwenye nukta, midomo ikihesabu. Kidole kikasimama.

"Ilibaki moja," akasema, akaniomba uji mwingine.