Fundi wa plasta akataa kuwaacha waunga mifupa

Saa mbili asubuhi, msumeno unaanza kunguruma katika chumba cha plasta cha kliniki moja ya binafsi mjini Kitale. Kibiwott, dereva wa trekta mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anafumba macho na kushika ukingo wa kitanda.

"Mama, hiyo kitu si itanikata mguu?"

Sellah Mukhisa ndiye fundi wa plasta za mifupa hapa. Anaugusisha msumeno kwenye kiganja chake mwenyewe, kisha anamwonyesha. Hakuna hata tone la damu.

"Umeona? Hauzunguki, unatetemeka tu. Unakata kitu kigumu, ngozi unaiacha. Lala, bana! Si ni wewe ulikuwa unaniambia ati utatoa hii plasta na panga?"

Kibiwott anacheka kwa aibu, kwa sababu ni kweli. Wiki ya tatu mwasho ulimzidi, akatishia kuichana plasta kabla ugoko wake haujaunga. Siku hiyo Sellah alimkalisha chini na kumpa somo.

"Watu wanadhani mfupa ni kama kuni kavu," anarudia sasa huku akipasua plasta. "Mfupa uko hai. Una mishipa ya damu, na damu yenyewe inatengenezwa ndani yake, kwenye uboho. Ukivunjika unajishona wenyewe. Mimi naunyoosha tu na kuushikilia usihame. Hata usiseme nimekuponya."

Mguu unatoka mwembamba, umepauka, lakini umenyooka. Sellah anaupapasa kutoka gotini hadi kifundoni na kuridhika. Anamwita anayefuata.

Ni Ijumaa, na ndani ya mfuko wa koti lake jeupe mna barua ya msimamizi wa kliniki. Kufikia saa kumi na moja jioni anatakiwa awe ametia sahihi kwamba hatawafundisha tena waunga mifupa wa kienyeji. Asipotia, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na saba imekwisha.

Sellah, mwenye miaka arobaini na sita, ni mfupi, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na mkono wake wa kushoto umepinda chini ya kiwiko. Wagonjwa huuona mkono huo kabla hawajamwona yeye. Wengine huuliza, na yeye huwaeleza bila kuficha.

Alizaliwa Matulo, karibu na Webuye. Baba yake alikuwa muunga mifupa ambaye sifa zake zilifika Bumula na Lwakhakha. Sellah alipokuwa na miaka tisa alianguka kutoka kwenye mpera, akavunjika mkono. Baba akamfunga kwa vibanzi vya mianzi na mipira ya baiskeli.

Katika ukoo wao kulikuwa na desturi. Siku ya kumfunga mtu, jogoo naye alivunjwa mguu na kufungwa vilevile. Mafundo ya mgonjwa hayakuguswa mpaka jogoo atembee.

"Jogoo alitembea siku ya kumi na tisa," anakumbuka. "Mimi niliacha kulia siku ya nne. Nyumba nzima ikafurahi, ati dawa imeshika. Kumbe vidole vilikuwa vimekufa ganzi."

Vidole viwili havikunjiki hadi leo. Baba hakuwahi kusema neno juu ya jambo hilo, ila kila walipokula kuku alimwekea bintiye firigisi, kipande ambacho kwa desturi ni cha mwenye nyumba. Sellah anasema alimpenda sana baba yake, na kwamba baba yake alikosea. Hayo mawili hayamsumbui kuyasema pamoja.

Alipoomba kusomea kazi ya plasta, waliomhoji waliutazama mkono wakatikisa vichwa. Alikataa kuondoka mle ndani. Aliomba ndoo ya maji na bendeji ya plasta, akamfunga mwenyekiti wa jopo mkono mzima mpaka begani.

"Nikamwambia, sasa toa mwenyewe kama haijashika," anasema, akicheka mpaka anashikilia meza.

Kisa cha barua kilianza miaka miwili iliyopita, alipoamua kwamba Jumamosi zake atazitumia Matulo kumfundisha kaka yake Sifuna, aliyerithi kazi ya baba. Wenzake kliniki walimshangaa. Yeye alishangaa kwamba walishangaa.

"Mtu akianguka kule kijijini, muunga mifupa yuko boma la pili. Eksirei iko mjini, na ni shilingi elfu moja na mia mbili hata kabla hujaongea na daktari. Utaenda wapi wewe? Tuache kudanganyana."

Sifuna alimfukuza mara mbili. "Nilimwambia, dada yangu, wewe umesoma mifupa ya picha, mimi naishika," anakiri. Mara ya tatu Sellah alimuuliza swali moja: kiganja kina mifupa mingapi? Sifuna akajibu kwa kujiamini kwamba ni kumi na minne, hesabu ya vidole. Dada akamshika mkono, akaanza kuhesabu kutoka kifundoni hadi kwenye kucha. Ikafika ishirini na saba.

"Nikahesabu tena mwenyewe," Sifuna anasema. "Akashuka kwa wayo, akapata ishirini na sita. Ati mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita, na zaidi ya nusu iko kwa viganja na nyayo tu. Nimefunga watu miaka ishirini na sikuwa najua."

Tangu siku hiyo somo la Sellah kwa Sifuna na waunga mifupa wenzake limebaki fupi. Mfupa uliotoboa ngozi haufungwi nyumbani. Funika na kitambaa safi, peleka hospitali. Na kila uliyemfunga, mbonyeze kucha mpaka iwe nyeupe, achilia, hesabu mbili. Rangi isiporudi, damu haipiti: fungua mafundo yote, hata kama jogoo hajatembea, na mgonjwa aende hospitali.

Mwezi wa tano somo hilo lilipimwa. Chepchumba, mkulima wa vitunguu kutoka miteremko ya Mlima Elgon, alianguka kutoka juu ya ghala la mahindi. Mumewe, Noah, alimpeleka kwa Sifuna kwa sababu ya jina la baba wa muunga mifupa huyo. Akafungwa mkono, jogoo naye akafungwa mguu.

Kesho yake Sifuna alibonyeza kucha. Akahesabu mbili, akahesabu kumi. Kucha ikabaki nyeupe. Aliposhika kisu, Noah alimzuia akimkumbusha kwamba jogoo bado amelala. Sifuna akakata mafundo yote, kisha akampigia dada yake simu.

"Alilia kwenye simu, huyo mwanamume mzima," Sellah anasema, na macho yake mwenyewe yanalengwa na machozi. Alimwamuru asingoje gari. Chepchumba alifikishwa hospitali kwa pikipiki, akafanyiwa upasuaji saa ileile.

"Wangengoja jogoo, ningekatwa mkono," anasema Chepchumba. "Sasa nasonga ugali. Nang'oa vitunguu."

Habari hizo zilienea, zikamfikia pia msimamizi wa kliniki, Gicheru. Ndiye aliyeandika barua, na ana hoja yake. "Mgonjwa mmoja akifia mikononi mwa hao watu, itasemwa sisi ndio tuliwafundisha," anasema. "Namheshimu Sellah, lakini siwezi kubeba mzigo huo."

Saa tisa alasiri, Sellah anakaa na kugeuza barua upande wa nyuma. Anaandika: "Nimesoma. Nimeelewa. Siachi." Anatia sahihi, anaipeleka mwenyewe ofisini kwa Gicheru na kurudi kwa wagonjwa wake.

Kesho anatarajia waunga mifupa tisa Matulo, wawili wao kutoka Lwakhakha. Ana mpango kila mmoja wao awe na mwendesha pikipiki anayejulikana, ili mtu kama Chepchumba asikose usafiri.

Akiulizwa kama haogopi kupoteza kazi, anakausha mikono yake bila haraka.

"Nilikuwa nawafundisha Jumamosi tu, kwa sababu siku zingine niko hapa," anasema. "Wakinifukuza, watakuwa wamenipa wiki nzima."