Kiti cha Mama Mzazi, Kutoka Nyamahanga hadi Mbuba

Mama alinituma Nyamahanga kwa jambo moja: kumleta dada Konsolata na mtoto wake mchanga nyumbani Mbuba, dada apate nguvu chini ya mikono ya mama na mtoto abatizwe parokiani kwetu. Angemtuma mwenye akili, lakini shule zilikuwa zimefungwa na mimi ndiye niliyekuwa nakula bure.

Kutoka kambi ya Benako nilidandia lori lililoshusha mahindi ya wakimbizi. Vilima vilikuwa vimekatwa kuni hadi vikabaki na upara kama wa mwalimu wetu wa hesabu. Mbele yetu walitangulia askari wenye bunduki, maana majambazi wa pori lile hawakuwa watu wa kuomba nauli.

Nyamahanga nilifika jioni. Shemeji, mwalimu wa shule ya msingi, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema umemficha mjukuu wake kama sukari ya magendo."

Mtoto alilala amekunja ngumi kama anayetaka kuhutubia. Nikambatiza kabla ya padri: Mheshimiwa.

"Mwache mwanangu," dada akasema, "wewe mwenye kichwa kama kifuu."

Biharamulo mjini, asubuhi iliyofuata, shemeji alitupatia lifti katika gari jipya la shirika moja la misaada. Dereva, mzee Bonifasi, alilisifia kama bibi harusi.

"Humu mna mifuko ya hewa," akasema, akipapasa usukani na ubao ulio mbele ya abiria. "Gari likigonga, inafumuka yenyewe. Hujamaliza kusema Yesu, imeshakupokea."

"Na ikisahau, mzee?"

"Mashine haisahau, kijana. Wanaosahau ni nyie wa shule."

Akamfungulia dada mlango wa mbele. "Mama mzazi akae hapa, palipo salama. Wewe nyuma na ndizi zako."

Shemeji alimshukuru mara mbili. Nani angemweka mzazi nyuma? Ingekuwa tusi. Dada akafunga mkanda, akampakata Mheshimiwa kifuani.

Kabla ya Lusahunga changarawe zilitutelezesha. Gari likaenda kombo, likajipigiza ubavu kwenye ukingo wa barabara. Kioo cha upande wangu kikamwagika chote, kichwa changu kikapiga nguzo ya mlango. Mifuko? Kimya.

"Mzee," nikasema, nikishika nundu, "mifuko yako imelala. Tuipigie kengele?"

Dada alicheka hadi mtoto akaamka. Mzee Bonifasi hakucheka. Alisema labda ni mibovu, tukaendelea, kila mtu kitini pake.

Mbele kidogo tulijiunga na msafara wa malori uliolindwa na askari. Vumbi lilikuwa jekundu na zito. Tulifuata taa za nyuma za lori tu. Ng'ombe wakakatiza, lori likasimama, sisi tukaligonga. Kwangu huku nyuma pigo hili halikufikia hata lile la kwanza. Lakini ulilia mlio kama wa bunduki, askari wakalala mtaroni wakidhani tumevamiwa. Ndani kukajaa unga mweupe.

Mzee Bonifasi alitoka damu puani, basi. Mfuko wa pili ulikuwa umefumuka pale pale alipopakatwa Mheshimiwa.

Hakulia. Tulingoja alie.

Lusahunga, kwenye zahanati, muuguzi alimgusa shingoni, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamfunika uso kwa kitenge cha dada.

Nje, fundi aliyelivuta gari alikuwa akimweleza mzee Bonifasi. "Pigo la ubavuni mifuko hii haiamki. Inangoja gari lisimame ghafla kwa mbele. Na haina macho. Haijui kama kitini kuna mtu mzima au mtoto."

"Kwa hiyo haikuwa mibovu?"

"Mizima kabisa, mzee. Imefanya kazi yake."

Mzee Bonifasi akakaa chini, kwenye mavumbi, na suruali yake safi.

Mbuba tulifika jua likizama. Mama alitoka na vigelegele, akaona dada alivyobeba, vikamfia mdomoni. Tulimzika mgombani. Mzee Bonifasi alikuja mazishini, akasimama mbele ya dada, kofia mkononi.

"Mwanangu, nilikupa kiti kizuri."

"Ndiyo, baba," dada akasema. "Ulinipa."

Sijasikia laana nzito kuliko hiyo, na wala hakuwa akilaani.

Nilichojifunza ni kifupi, na hakuna anayekitaka. Tangu siku hiyo, gari jipya likisimama kutupa lifti, na mama mwenye kichanga akifunguliwa mlango wa mbele, nasema, "Mama, kaa nyuma." Juzi pale Kasulo mmoja alinigeukia.

"Huna adabu! Mzazi akae na mizigo, wewe ukae mbele kama bwana shauri?"

Watu wakacheka, wananijua kwa utani. Nikashika mlango ule kwa mikono miwili, nikaendelea kutukanwa, hadi alipopanda nyuma.