Bamia Zisizoteleza

Katika jiko la shule ya bweni alikofanya kazi miaka ishirini na sita, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mpishi, basi. Hata mkewe alimwita Mpishi, ila yeye alilivuta neno hilo kidogo, kama mtu anayesema ushahidi bado haujakamilika. Mke mwenyewe mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa barazani na sare za shule zilizoning'inia juu yake.

Utani huo ulianzia kwenye bamia. Wiki ya kwanza ya ndoa, Mpishi alizipika kama alivyozoea kuwapikia watoto mia tatu: zote sufuriani, maji, chumvi, koroga. Fundi akachota kijiko, akakiinua, na ute ukakifuata kutoka kwenye sahani mpaka kidevuni. Akakirudisha polepole.

"Mume wangu," akasema, "mimi nimeolewa. Sijaugua mafua."

Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini neno lilimwingia. Akaanza kuichunguza bamia kama mwanafunzi anayechunguza panzi. Akagundua kwamba ute huamshwa na maji, basi akawa anaziosha zikiwa nzima, anazifuta moja moja kwa kitambaa, kisha anaziacha dirishani zikauke kabisa. Kisu kikavu. Mafuta yawe ya moto kwelikweli, na zitiwe chache chache, maana zikibanana hutoa jasho. Usifunike. Usikoroge ovyo. Chumvi mwisho, ndimu mwisho kabisa. Siku nyingine alizipasua kwa urefu akazikaanga mpaka zikawa zinavunjika mdomoni kama biskuti. Siku nyingine aliziacha nzima nzima ndani ya mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu, kwa sababu bamia isiyokatwa haimwagi siri yake. Fundi alikula zote. Alizila kwa vidole, akiwa amesimama jikoni, kabla chakula hakijafika mezani.

Miaka ikapita, kisha kikaja kiharusi. Kilimkuta Fundi asubuhi, akitia uzi kwenye sindano. Upande wa kulia ukalegea wote, uso ukashuka kama pazia lililochomoka ndoano, na maneno yakampotea, yakabaki matatu tu: hapana, basi, na Mpishi.

Kumbe na kumeza ni kazi. Sisi wazima humeza mchana kutwa bila hata kujua, mate tu, chai tu, lakini koo la Fundi lilikuwa limesahau. Maji yalimpalia. Wali ulimpalia. Mkate ndiyo usiseme. Muuguzi wa kliniki ya hospitali, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alimweleza Mpishi kwamba maji hukimbia kuliko koo, na vitu vikavu hutawanyika vikaingia njia ya pumzi. Kilichotakiwa ni kitu kizito, kinachoteleza, kinachoshuka chote kwa pamoja. Akauliza kama nyumbani wanapata bamia. Wazipike zivutike, wazisage, zitashuka zenyewe. Kitu kikavu au cha kukaanga, asithubutu.

Mpishi alimtazama akidhani anatania.

Fundi alipopimwa alikuwa na kilo thelathini na nane. Muuguzi akasema warudi Jumatatu baada ya wiki mbili. Kama uzito utakuwa umeshuka tena, itabidi awekewe mpira wa kupitishia chakula puani. Fundi alisikia. Mkono wake wa kushoto ulikamata shati la Mpishi kifuani, akasema hapana, akasema tena, na hakuliachia shati hilo mpaka mumewe alipomwapia kwamba mpira hautaingia.

Basi Mpishi akawa na wiki mbili za kujifunza upya, kinyumenyume. Kila alichokuwa anakifanya ili kuua ute, sasa akigeuze ili kuuamsha. Akate ndogo ndogo, aziloweke, atie magadi kiasi cha kucha, afunike, apige kwa uma mpaka zivutike kama gundi. Lakini mikono ina ukaidi wake. Siku ya kwanza alijikuta anazifuta kwa kitambaa. Alijigombeza kwa sauti, akaanza upya, na saa hiyo hiyo mkono mwingine ukaenda kutafuta ndimu.

Muuza mboga wa kona alianza kumtania kwa jinsi alivyonunua mafungu matatu kila siku.

"Shemeji, bamia unazila au unazifuga?"

Mpishi akamjibu kwamba anazisomesha, na wakacheka wote wawili, kisha yeye akaacha kucheka kabla ya mwenzake.

Alijaribu kila alilolijua. Alizisaga na karanga. Alizichuja kwa kitambaa cha chai, akazichanganya na samaki aliyemchambua miba kwa mikono. Alitia tangawizi, akatia nyanya ili rangi ibadilike, akatia tui. Fundi hakudanganyika. Kijiko kikiinuliwa, uzi wa ute ulishuka nyuma yake, naye alifumba mdomo na kugeukia ukutani. Siku alizojitahidi alimeza vijiko viwili akiwa amefumba macho, kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo, halafu akasema basi. Ukisikia "basi" ile, hata wewe ungeweka sahani chini.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kliniki, binti yao aliyeolewa mtaa wa pili alikuja kubadilisha mashuka. Alimwinua mama yake kitandani, kisha akabaki amesimama hivyo hivyo naye mikononi.

"Baba," akasema, "mama amekuwa mwepesi kama nguo."

Akataka apelekwe siku hiyo hiyo, awekewe huo mpira, yaishe. Mpishi akasema alimwahidi. Binti akamwambia ahadi haishibishi mtu. Walisemezana pale sebuleni kwa sauti za chini, kama wezi, ili mgonjwa asisikie, na bila shaka mgonjwa alisikia kila neno. Binti akaondoka akilia, hakuaga.

Kesho yake mchana Fundi aliinua kidole, akaonyesha mlango wa jikoni. Kutoka kitandani kikaango kilionekana, kimetundikwa kwenye msumari wake.

"Mpishi," akasema.

Mumewe akajifanya hakuona. Akaanza kukunja blanketi ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Mpishi."

Alijua anaombwa nini. Maneno ya muuguzi aliyajua pia, aliyajua kama alivyolijua jina lake. Lakini siku kumi na mbili za kutazama kisogo cha mkewe zilikuwa zimemmaliza. Akajiambia atazikata ndogo sana. Akajiambia hamu ikifunguka huenda na koo likafunguka. Mtu akishafika ukingoni hata uongo wake mwenyewe humtosha.

Akaziosha nzima nzima. Akazifuta moja moja. Safari hii mikono haikugombana naye. Mafuta yalipochemka na harufu ikaenea chumbani, Fundi alijiinua kutoka kwenye mto peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu augue.

Mpishi alimkalisha wima, mito mitatu mgongoni, akampa kipande kimoja. Fundi alitafuna kwa upande wa kushoto, polepole sana. Akameza. Wakangoja wote wawili. Hakukohoa. Cha pili, hakukohoa. Cha tatu alikitafuna muda mrefu, na machozi yakawa yanamtoka jicho moja tu, lile zima.

"Tamu," akasema.

Hilo lilikuwa neno la nne. Kwa furaha hiyo Mpishi akampa cha nne, na cha tano, na vingine akaacha kuvihesabu.

Hakukohoa hata mara moja, na hapo ndipo alipoponzwa. Baadaye muuguzi alimweleza kwamba kukohoa kungekuwa heri. Koo lililosahau kumeza husahau pia kupiga kelele, na chakula huingia kifuani kimyakimya kama mgeni asiyebisha hodi. Kabla jua halijazama mwili wa Fundi ulikuwa moto. Jumatatu iliyokuwa ya kupimwa uzito, binti yao na mkwe wao walimbeba kwenye shuka mpaka hospitali, akivuta pumzi kama anayepanda mlima.

Wakaulizwa alikula nini. Binti alimtazama baba yake.

"Bamia kavu," Mpishi akasema. "Nimempa mimi."

Muuguzi alitazama chini, akaandika. Angemfokea ingekuwa nafuu.

Mpira uliingizwa mchana ule, tundu la pua la kushoto, ukabandikwa shavuni. Muuguzi akamimina kitu cheupe kwenye bomba, akaliinua juu, kikaanza kushuka chenyewe. Mpishi alikitazama kikipita. Akauliza kama kimetiwa chumvi.

"Hakipiti ulimini, mzee," muuguzi akamjibu kwa upole.

Mpishi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Fundi akafumbua macho. Mkono wa kushoto ukapanda polepole kuelekea puani, ukaushika mpira. Muuguzi akaushusha. Ukapanda tena. Muuguzi akasema akiuchomoa sasa chakula chote kitamwagikia mapafuni, na kwamba huwa wanawafunga wagonjwa mkono kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda, isipokuwa kama kuna mtu wake wa kuushika.

Binti hakusogea. Mpishi akavuta kigoda, akaketi, akauchukua ule mkono.

Ulikuwa na nguvu. Hakutegemea kama ungekuwa na nguvu kiasi kile. Ulivuta, ukapumzika, ukavuta tena. Fundi alikuwa anamtazama usoni, safari hii hakugeukia ukutani.

"Hapana," akasema. "Mpishi. Hapana."

Kile cheupe kilikuwa bado kinashuka, hakijafika hata nusu. Mpishi akaongeza mkono wake wa pili, akakaza.