Katekista Kufuli, Nguvu Tatu

Nyinyi wa rika langu, mliokunywa maji ya ziwa bila kuchemsha na bado mko hai, sogeeni hapa. Sisi pale Sori, mtoto alikuwa anarusha jiwe asubuhi, anaenda kuchunga mbuzi, na akirudi jioni ndio analisikia likianguka kwa maji. Siku hizi mtoto akitembea hatua kumi anatafuta chaja. Lakini leo sitaki kucheka vijana sana. Nataka kuwaambia vile mchezo wangu ulikaribia kumuua ndugu ya mama yangu.

Sisi mjomba tunamwita nera. Nera wangu alikuwa katekista wa kanisa yetu ndogo ya mabati, na ndiye alitulea mimi na dada yangu Achieng. Mtu mwembamba kama mti wa ufagio, lakini sauti! Ilikuwa inatoka chini ya ardhi. Akisema "Tuombe," mbuzi za kijiji cha pili zinapiga magoti, na mke wake anaitika kutoka jikoni, "Naam, nakuja." Mimi shule ilinishinda darasa la pili, kwa hivyo kusoma sijui, lakini kuiga sauti nilijua. Ya Nera nilikuwa nayo mpaka kikohozi.

Likizo ya Agosti, binamu yetu Felix akaja kutoka Homa Bay mjini na boksi. Mama yake alikuwa anafulia mzungu fulani nguo, mzungu akarudi kwao akaacha takataka zake. Ndani kulikuwa na kitabu panya wamekula kona, na dadu ya ajabu. Si ile ya ludo. Hii ilikuwa na pande ishirini, ukiirusha inazunguka mpaka unasikia njaa. Felix alisoma kile kitabu akatuelezea: kila mtu anatengeneza mtu wake kwa karatasi. Felix anasimulia hatari, wewe unasema mtu wako anafanya nini, halafu dadu inaamua kama atapona. Mtu wako akikufa amekufa, unakaa kando mpaka likizo ya Desemba.

Achieng akachukua mpiganaji wa mkuki. Mimi nikasema nataka padri.

"Padri anaponya wenzake," Felix akasema. "Anakaa nyuma."

"Basi mwizi."

"Mwizi anafungua kufuli, anatembea bila kusikika. Lakini akidungwa, nani atamponya?"

"Si uniwekee wote wawili kwa mtu mmoja?"

Achieng akacheka mpaka uji ukamtoka kwa pua. "Padri mwizi! Atajikamata halafu ajibariki?"

Felix akafungua kitabu, akafuata mistari na kidole. "Inakubaliwa," akasema, "lakini ukitaka kuwa watu wawili, kuna mahali utakonda." Nambari za kumgawia mtu wako uwezo zilikuwa zile zile tu, hata akiwa wawili. Nikaweka nyingi kwa mikono, ya mwizi. Nyingi kwa maombi, ya padri. Kwa nguvu ya mwili ikabaki tatu.

"Tatu ni kuku mgonjwa," Felix akaniambia. Akaongeza sheria yake mwenyewe: huyu mtu akiiba, lazima aungame kwa sauti mbele ya watu kabla hajatupa dadu tena. Asipoungama, Mungu wake anamnyima dawa.

Nikamwita Katekista Kufuli. Felix aliandika yote kwa karatasi, lakini mimi ile karatasi ningeisoma na nini? Kwa hivyo mtu wangu nilimweka kwa kichwa kwa njia ya wazee wetu, pakruok, ile ya kusimama kwa ngoma na kujisifu mpaka watu wapige makofi. Kila nikitaka kurusha dadu, nilisimama kwanza nikamsifu Kufuli. Na nilimsifu kwa sauti ya nani? Si unajua.

Sasa siku moja saa tisa mchana tulikuwa tunachezea jikoni kwa Nera. Yeye alikuwa kanisani anapanga viti. Asubuhi hiyo bichi yote ya wavuvi ilikuwa imeamka vibaya, injini ya mashua ya Owino imepotea. Nyinyi mliokulia ziwani mnajua. Injini si chuma, ni chakula cha watu saba. Mwizi wa injini hakuwa anapelekwa mbali. Alikuwa anaishia hapo hapo kwa mchanga. Hiyo nilijua vizuri, nilikuwa mtoto wa miaka kumi si mjinga. Lakini mdomo wangu huwa unatangulia, mimi nafuata nyuma na viatu mkononi.

Felix akasema, "Lango limefungwa, askari sita. Unafanya nini?"

Nikasimama, nikashusha sauti mpaka kwa magoti. "Mimi ndio katekista! Mchana nashika rozari, giza ikiingia nashika spana! Injini ya Owino mnatafuta wapi? Nimeimeza nzima, nikateremshia na maji ya baraka!"

Nikarusha. Kumi na nane. Achieng akapiga vigelegele.

Halafu akatuonyesha chini kwa kidole. Chini ya ukuta wa mabati kulikuwa na nafasi, na hapo tukaona miguu ya mtu imesimama. Miguu ya kiatu cha raba, ina magamba ya samaki. Ikasimama, ikasimama, halafu ikakimbia kuelekea bichi.

Hatukumaliza hata kubishana ni nani. Kelele ilianzia bichi ikapita hapo nje kama mvua ya mawe, ikaenda upande wa kanisa. Tukaifuata. Nera alikuwa nje, kiatu kimoja kwa mguu, wameshika shati yake pande nne. Owino alikuwa amebeba kasia ya mashua juu ya kichwa, na huyo wa raba alikuwa anapiga kelele, "Amejisifu mwenyewe! Nimemsikia jikoni kwake na hii masikio!"

"Nimejisifu nini, watu wa Mungu?" Nera akauliza. Alikuwa hajui. Ufagio bado uko mkononi.

Nikageuka kuangalia Felix. Felix hakuwepo. Nafikiri alifika Ndhiwa kabla vumbi yake haijainuka. Alikuwa amenisukumia ile karatasi ya Kufuli mkononi.

Ndugu zangu, ningenyamaza ningepona. Kasia ilikuwa juu. Nikafungua mdomo nikasema, "Ni mimi," ikatoka kama kifaranga. Hakuna aliyesikia. Nikaona mikono ya Owino inajikaza. Basi nikachukua ile sauti ingine.

"TUOMBE!"

Kila kitu kikasimama. Wanaume watano wakavua kofia bila kujua. Hata huyo wa raba alipiga ishara ya msalaba. Halafu wakaangalia Nera, na mdomo wa Nera ulikuwa umefungwa.

"Ni mimi," nikasema, bado kwa sauti yake. "Ilikuwa mchezo. Nera hajui kitu."

Mwenyekiti wa bichi, tulikuwa tunamwita Jakom, akanishika sikio. "Kumbe ni wewe. Sasa wewe ndio utatuambia injini iko wapi."

Hiyo sikuwa nimefikiria. Nikatoa karatasi. Ikapelekwa kwa Mzee Salim mwenye duka, mtu wa Pwani ambaye hata waliogombana walimwamini kuwasomea barua. Akavaa miwani.

"Ni mchezo kweli," akasema. "Mtu wa kubuni. Jina, Katekista Kufuli. Ana rozari, kamba na nyundo." Akanitazama juu ya miwani. "Lakini mwanangu, injini haimo humu."

Owino akainua kasia tena. "Ametoa wapi injini, basi?"

Nikakumbuka ile sheria ya Felix, ya kuungama kwa sauti. "Niliongeza," nikalia. "Nilisikia asubuhi nikaona ni tamu, nikaongeza!"

"Anaongezanga," Achieng akasema. "Jana alisema ameona samaki, mbuta, mrefu kuliko kanisa."

Watu wengine wakaguna. Mzee Salim alikuwa bado anasoma. "Hapa pameandikwa, nguvu, tatu."

"Tatu ni ngapi?" Jakom akauliza.

"Kuku mgonjwa," nikasema.

"Basi tutaona. Leteni injini ingine."

Wakaileta wanaume wawili, wakaitupa mchangani mbele yangu. "Beba," Jakom akasema. "Na ukiweza kubeba, omera, ndugu yangu, basi mwizi ni wewe."

Nikainama. Na sasa niwaambie ukweli ambao sijawahi ambia mtu. Maisha yangu yote nilikuwa nataka kubeba injini mbele ya watu. Nilisema kila siku nitaweza. Nikavuta, na nikasikia imesogea! Kidogo tu, mchanga ukalia chini yake. Damu ikanipanda, ile ya kujisifu. Nikaangalia Nera na kile kiatu kimoja. Nikaomba kimoyomoyo, Mungu wa makatekista na wezi, leo nifanye kuku.

Nikavuta kwa nguvu yote ili wasiseme najifanya. Nikaanguka matako kwanza, injini ikabaki. Mtu akacheka. Halafu wengi. Owino akashusha kasia polepole, mwishowe akakaa juu yake akifunika uso.

Injini yake ilipatikana siku mbili baadaye kwa fundi huko Rongo. Ndugu yake mwenyewe aliipeleka itengenezwe, akasahau kusema.

Nera hakunichapa. Jioni hiyo akasema, "Hebu sema tena." Nikasema, tuombe. Akasikiliza kama mtu anaangalia kioo mara ya kwanza. "Kumbe ndio hivi." Halafu akasema, "Uniige ukitaka. Lakini kwa sauti yangu, usiwahi kuongeza."

Mwaka jana tulimzika. Watoto wa siku hizi wana simu zinapiga picha mpaka ugali kabla ya kula, lakini kwa simu zote hapo matangani hakukuwa na sauti yake hata moja. Vijana walikuwa wanaulizana, nani ako na video? Jakom, sasa ni mzee hana meno, akanigusa na fimbo.

Nikasimama. Mnanijua, ningeweza kumaliza saa nzima. Nilisema neno moja tu, tuombe, kwa sauti yake, na sikuongeza. Wazee wakavua kofia. Na mke wa Nera, aliyekuwa amekaa ndani nyuma ya pazia, akaitika kutoka huko, "Naam, nakuja."