Namba Isiyogawanyika

Nikisikia harufu ya maganda ya korosho yakiungua, mimi hurudi kwenye uwanja wa shule yetu Newala, vita vikiwa ng'ambo ya mto Ruvuma.

Mwalimu wetu, mama mgeni aliyetoka Bukoba, alitumwagia mchangani korosho mia moja ishirini na saba. "Atakayezipanga kwa safu mbili au zaidi zinazolingana, isibaki hata moja, atazichukua zote."

Nilishirikiana na rafiki yangu, msichana aliyevuka mto na mama yake wakikimbia vita. Baba yake alibaki huko akipigana. Tulipanga safu mbili, tatu, nne, tukaendelea mpaka kumi na moja. Kila mara zilibaki.

"Acheni sasa," mwalimu akasema. "Mkiongeza safu zikafika kumi na mbili au zaidi, kila safu itakuwa na korosho chini ya kumi na moja, na namba hizo zote mmeshazijaribu. Namba hii haigawanyiki."

Tulipigwa na butwaa. Hata mavuno ya shamba la kijiji tuligawana sawasawa!

"Mwalimu, hata Mungu hawezi kuigawa?" rafiki yangu akauliza.

Mwalimu akacheka. "Hata Mungu, mwanangu."

Nilitazama juu nikingoja radi. Rafiki yangu akasimama.

"Lakini mama anasema Mungu anaweza yote. Anasema atamrudisha baba."

Kicheko kikamkauka mwalimu usoni. Akapiga magoti mchangani na kumvuta rafiki yangu kifuani. Aliyeanza kulia ni mwalimu.