Asmini kwenye kilio cha mdogo wangu

Bado nina hasira, ingawa sasa ni hasira juu yangu mwenyewe. Kwetu mjane hajipaki manukato mpaka kilio kiondolewe. Juzi nilifika Kanyosha, nyumbani kwa marehemu mdogo wangu, nikamkumbatia mjane wake, na harufu ya asmini ikanijaa puani, tamu na nzito kama ya bibi harusi.

Nikasema mbele ya ukoo mzima, "Shemeji, udongo wa kaburi haujakauka, unanukia hivi kwa ajili ya nani?"

"Mi naoga na sabuni ya kufulia tangu tumuzike," alijibu akilia.

Nikasema mwanamke wa namna hiyo hastahili kubaki katika nyumba ya ndugu yetu. Wazee wenzangu wakaanza kuitikia.

Hasira ilinitoa jasho, nikachomoa leso nijifute. Asmini ikajaa sebuleni. Ndipo nilipomkumbuka muuza manukato wa sokoni, asubuhi ile, alivyonitilia tone kwenye leso hiyo, nami nikamwomba aongeze.

Dada yangu mkubwa aliichukua leso, akainusa.

"Mujane mwenye parfe tumemupata," alisema. "Ana ndevu nyeupe."